Siku Tatu za Sindano Goba

Sesilia wa Keko alikuwa mtu wa ratiba. Kazini kwake, katika ofisi moja ya umma alikokuwa mpiga chapa, walimpenda kwa hilo. Nyumbani, mumewe Marselino, fundi seremala, alikwishazoea tu, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana kidogo. Basi mwaka 1973, alipowashawishi wenzake watatu wa kikundi cha ushonaji, ambacho yeye alikuwa katibu wake, waende Goba, nje ya mji, wakashone siku tatu bila kusumbuliwa na waume wala masufuria, hakuna aliyeshangaa kuona kila mmoja amepewa karatasi iliyopigwa chapa, yenye saa za kuamka, kushona, kula na kulala.

Mama Jamali, mzaliwa wa Temeke, aliisoma ya kwake polepole.

"Hapa umeandika, soga, saa kumi na nusu hadi saa kumi na moja."

"Ndiyo. Nimewapa nusu saa nzima."

"Na kama soga haijaisha?"

"Itaendelea kesho yake, saa hiyo hiyo."

Kilichowapeleka huko kilikuwa mfarishi, ile shuka nene ya vipande vya rangi rangi inayotiwa pamba katikati. Maryambai, mke wa muuza vitambaa wa Chang'ombe, ndiye aliyewafundisha kuushona. Yeye aliuita godri, kama mama yake alivyouita, na mabaki yote ya vitambaa yalitoka dukani kwao. Mfarishi huo ulikuwa uende kwenye maonyesho ya Sabasaba. Mwenyekiti wa akina mama wa tawi la chama alikwishautangaza mkutanoni, tena mara mbili.

Wa nne alikuwa Kokuberwa, nesi wa zahanati, mtu wa Bukoba. Alishona taratibu mno kwa sababu hakuweza kusema na kushona kwa pamoja, na kati ya hayo mawili yeye alichagua kusema.

Walisafiri kwa lori la mkaa lililoendeshwa na Jamali mwenyewe, mtoto mkubwa wa Mama Jamali. Nyuma walipakia pamba, mchele, chupa ya achari ya Maryambai na fremu ya mbao aliyoiunda Marselino kwa ajili ya kuutandazia mfarishi. Mwenyeji wao alikuwa shangazi yake Sesilia, bibi mmoja aitwaye Yuliana, aliyekuja zamani kutoka Masasi kumfuata mumewe kwenye mkonge, akabaki mjane na shamba lake la mihogo na mananasi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mmekuja na kitanda?"

Ilikuwa ile fremu. Marselino alikuwa amepima kila kitu isipokuwa mlango wa Shangazi Yuliana. Waliiingiza kwa ubavu, wakaiinamisha, wakaigeuza, haikupita. Jamali akapendekeza wang'oe mlango, bibi akapendekeza wang'oe Jamali. Mwishowe wakaiweka uani, karibu na jiko, na Jamali akawachinjia jogoo, akaondoka zake huku akicheka.

Siku ya kwanza kazi ilikwenda kama ilivyoandikwa. Shangazi Yuliana alipita kila mara na sinia la mihogo ya kuchemsha, akasimama, akatazama.

"Nyekundu hii nani kachagua?"

"Mie, shangazi," Sesilia akajibu bila kuinua macho.

"Umefanya vizuri. Nyekundu naipenda. Na upana huu wanalala wangapi?"

"Wawili, bila taabu."

"Mie niko peke yangu. Lakini upana si mbaya."

Hakuna aliyeyatilia maanani maneno hayo. Sesilia alikuwa akitazama saa.

Siku ya pili, baada ya chakula, Kokuberwa alianza habari ya daktari mmoja aliyeposa dada wawili wa tumbo moja kwa barua zinazofanana. Ilikuwa saa nane, siyo saa ya soga. Sesilia aliapa moyoni kwamba atamkatiza, ila kwanza asikie dada mkubwa alijibu nini. Akainama, akapiga bandi haraka haraka, sikio liko kwa Kokuberwa. Dada mkubwa alipokwisha kujibu, na mdogo naye, Sesilia akakumbuka cheo chake.

"Ndugu zangu," akasema huku akisimama, "muda wa kazi unaheshimiwa."

Mfarishi nao ukasimama naye. Fremu ikainuka upande mmoja, subana, zile kofia za chuma za kukinga vidole, zikabiringika mchangani, na katibu wa kikundi akabaki ameinama nusu, gauni lake limeshonwa kwenye mfarishi kwa mishono midogo, iliyonyooka, mizuri kuliko yote aliyowahi kushona.

Maryambai alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Sesilia, usifumue! Kazi safi hivi, tukupeleke Sabasaba pamoja nayo!"

Sesilia alitaka kukasirika. Alijaribu. Lakini ukiwa umefungwa kwa pindo la gauni hasira haina pa kusimamia, naye akaanza kucheka mpaka machozi. Kuanzia hapo hakuna aliyeuliza saa. Walishona wakisimuliana hadi jua likazama, na ajabu ni kwamba kazi ilikwenda mbio zaidi. Siku ya tatu, Jumapili mchana, Mama Jamali alikata uzi wa mwisho.

Shangazi Yuliana alikuja akaupapasa mfarishi kwa viganja vyote viwili. Kisha akaukunja vizuri, akaingia nao ndani, wakasikia kifuniko cha sanduku kikifungwa. Alipotoka macho yalikuwa yamelowa.

"Tangu mzee wangu afariki, hakuna aliyenishonea hata kitambaa cha kichwa. Nyie mmetoka huko kote. Mungu awalipe."

Wanawake wanne wakatazamana. Kisha watatu wakamtazama mmoja. Sesilia akakohoa.

"Shangazi, kuhusu huo mfarishi..."

"Unaogopa ni mdogo? Umenitosha, mwanangu. Umenitosha kabisa."

"Aa," akasema Sesilia. "Basi vizuri."

Ndani ya lori, wakirudi mjini, hakuna aliyemlaumu, ila Mama Jamali alimwomba arudie ile hotuba aliyomtolea shangazi, maana yeye hakuisikia vizuri. Kesho yake Sesilia aliandika taarifa kwa tawi, kwamba mradi umekamilika na umekabidhiwa kwa mzee asiyejiweza. Alitegemea karipio. Mwenyekiti akaisoma mkutanoni kwa sauti, akasema huo ndio ujamaa wa vitendo, akawasimamisha wapigiwe makofi. Sesilia alipokea makofi akiwa ameinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Sabasaba walipeleka vitambaa vya meza.

Miezi ilipita. Siku moja Jamali akaleta salamu kutoka Goba. Shangazi anauliza wanakuja lini tena, kwa kuwa majirani watatu wameuona mfarishi na wamekwishajiandikisha, na mmoja wao hapendi nyekundu.

Sesilia alikwenda Chang'ombe jioni ile ile kumweleza Maryambai. Alimkuta sakafuni na mkasi mkononi, katikati ya vipande vya buluu.

"Jamali alianzia kwangu," akasema Maryambai. "Kaa chini, shika upande huo."