Ngoma Aliyoisikia Mwalimu Nambole

Nakumbuka asubuhi moja kule Mandawa, mwanangu, na wewe unayekwenda kuanza ualimu nisikilize vizuri. Nilikuwa kijana, mwalimu wa darasa la pili, enzi zile za malori ya karanga ya Nachingwea. Mkuu wangu, Mwalimu Nambole, alikuwa mtu wa hasira na mpenda samaki wa chumvi. Akaniuliza, "Nani anapiga ngoma?" Nikatega sikio. Kimya, hata jogoo hakuwika.

Kesho yake akauliza tena. Ngoma ipo shingoni, akasema, inamfuata mpaka msikitini. Akaniapisha nisimwambie mtu, mkaguzi asije akasikia mkuu wa shule ana wazimu. Nami, mpumbavu, nikaona kunyamaza ndiyo adabu. Moyoni nilisema ni majini, nikaanza kumkwepa.

Juma la pili darasa lake likanyamaza mno, hata kikohozi hakuna. Nikachungulia. Mwalimu anaandika hesabu, ubao umekwisha, naye anaendelea ukutani, kwenye udongo, mpaka dirishani, kisha hewani. Akageuka. Nusu ya uso ilikuwa ikitabasamu, nusu imelala. Wallahi niliogopa.

Nikamkimbiza kwa Bibi Somoe, mganga wa jirani. Akamgusa shingo, akanigeukia mimi.

"Ameanza lini?"

"Wiki mbili, bibi. Anasikia ngoma."

"Na ulijua, ukakaa kimya? Hapa hapana jini, mjukuu wangu. Ni damu yake inampiga. Mpeleke hospitali, ingawa umechelewa."

Lori likatufikisha Nachingwea jioni. Daktari akamfunga mpira mkononi, akapima presha, akatikisa kichwa: kiharusi. Mwalimu aliishi miaka mitatu, asitamke tena hata jina la mkewe. Kila nilipomtembelea alinikodolea macho tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilimsaidia kuficha. Bado inaniuma.

Basi mwanangu, wengi presha haiwapi hata dalili hiyo. Kapime ukiwa mzima. Punguza chumvi, tembea kwa miguu, lala mapema, madaftari hayana miguu ya kukimbia. Hasira usiende nayo nyumbani. Na mwenzako akikunong'oneza siri ya mwili wake, mshike mkono mwende hospitali, anune kama atanuna.

Mungu akupe umri mrefu, na ulimi wa kuutumia mpaka mwisho. Amina.