Gari la Kwanza Huchaguliwa Kama Maksai

Naikumbuka vizuri siku baba yangu alipokwenda Tinde kununua gari kama mtu anayekwenda mnadani kununua maksai. Nilikuwa na miaka kumi na minane, mwanangu, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze kwa aibu. Siku hizi nikisikia kijana amepata mshahara wa kwanza wa mgodini na anataka gari kabla hajanunua hata kitanda, nacheka peke yangu, kisha namkumbuka yule mzee na fimbo yake. Vuta kigoda basi, nikusimulie.

Miaka ya sitini ilikuwa inakwisha, na msimu huo pamba ilikuwa imekubali kweli kweli kwetu Kishapu. Waliovuna vizuri walinunua baiskeli, redio, mabati. Baba akasema yeye atanunua gari. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wetu wa mwisho, na mara iliyopita alikuwa amepelekwa hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe, akilaani kila shimo la njiani. Baba aliyasikia matusi yale yote, na nadhani yalimkaa moyoni.

Dereva nilikuwa mimi. Usishangae. Nilisoma ushonaji kwa masista huko Ushirombo, na palikuwa na sista mmoja mzee ambaye macho yalikuwa yameanza kumsaliti. Alichoka kuogopa barabara, akaamua kunifundisha mimi kuendesha ili yeye akae pembeni asali rozari yake kwa utulivu. Nilipopata leseni pale Shinyanga mjini, nilitembea nayo ndani ya khanga kama hirizi.

Sasa baba yangu mdogo, Shija, hakulipenda jambo hilo. Alisema gari ni mali ya ukoo, na binti ni mtu wa kuolewa. Kesho ataondoka, na ujuzi ataondoka nao. Tena akasema msichana akigonga mti, watu wa Kishapu watatucheka mpaka wajukuu. Baba hakubishana. Alisema tu kwamba gari litachaguliwa kwanza, kisha tutajua nani anashika usukani. Kwa hiyo, mwanangu, tulipopanda basi kwenda Tinde siku ya gulio, wao walikuwa wanakwenda kutafuta gari, na mimi nilikuwa nakwenda kutafuta nafasi yangu. Nikikosea siku ile, ningerudi kwenye cherehani, na ufunguo angeuchukua baba mdogo.

Pale Tinde palikuwa na mfanyabiashara kijana, mcheshi, mwenye magari mawili ya kuuza. La kwanza lilikuwa gari dogo jekundu. Mungu anisamehe, nililipenda gari lile kabla hata sijajua kama lina injini. Liling'arishwa mpaka ungeweza kujitazama na kusuka nywele mbele yake, na honi yake iliita kwa sauti mbili. Baba mdogo Shija aliibonyeza honi ile, watoto wakakusanyika, akaibonyeza tena. La pili lilikuwa Landrova kuukuu ya kijivu, iliyotumika miaka mingi kwenye machimbo ya Geita. Mlango mmoja ulifungwa kwa waya, na viti vyake vilikuwa vimeshonwa kwa gunia. Sisi watu wa nchi ya dhahabu ndio tungepaswa kujua kuliko wote kwamba si kila king'aacho ni dhahabu. Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda, na macho yangu hayakutoka kwenye jekundu.

Baba akaanza kazi yake. Alilizunguka gari jekundu polepole, akalipapasa ubavuni, akainama kutazama miguu, yaani matairi, na kuyagonga kwa fimbo. Kisha akaanza maswali. Aliuliza linakunywa kiasi gani. Aliuliza likiugua, mganga wake yuko wapi: yuko hapa Shinyanga, au mpaka tumfuate Dar es Salaam? Aliuliza limewahi kuanguka, na kama lilianguka, liliangukia ubavu upi. Watu walicheka. Mfanyabiashara naye alicheka, akajibu nusu ya maswali na nusu akayaacha yapite. Mimi nilitazama chini nikihesabu kokoto. Leo najua kwamba hakuna swali moja kati ya yale lililokuwa la kijinga. Tafuta fundi yeyote umuulize.

Baba mdogo akasema mzee amelikagua gari vya kutosha, sasa litembee. Tukatoka nalo nje kidogo ya mji, watu wa gulio wakitufuata, kwenye njia pana ya ng'ombe, mahali peupe ambapo mbele kabisa palikuwa na ua wa minyaa. Nikaketi kwenye usukani. Nikaenda mbele, nikarudi. Likakimbia vizuri, jepesi kama mbuzi. Lakini nilipokanyaga breki kugeuza, pedali ilikuwa laini mguuni, ikashuka kwanza bila kushika, ndipo ikashika kidogo. Nilijiambia pengine ni mguu wangu haujalizoea.

Hapo ndipo baba alipofanya jambo alilokuwa akilifanya kwa kila maksai aliyemnunua. Ni desturi yake tangu ujana. Hakumnunua maksai kwa nguvu ya kuvuta. Alisema kuvuta kila ng'ombe anavuta, hata yule mwenye wazimu. Maksai mzuri ni yule anayesimama ukimwambia simama, hata akiwa katikati ya mfereji wa plau na inzi wamemjaa machoni. Kwa hiyo mnadani alikuwa akienda kusimama mbele ya ng'ombe anayekuja, anainua fimbo, na kumwamrisha. Ng'ombe akisimama, analipa. Asiposimama, baba anaruka pembeni na kwenda zake.

Basi akatembea hatua kadhaa kwenye njia ile, akageuka, akasimama katikati na fimbo yake. Akaniambia nije na gari kwa mwendo wa kawaida, nisimame miguuni pake.

Mwanangu, naomba unielewe. Kwetu binti hasemi hapana kwa baba yake mbele za watu. Tunapiga magoti kumsalimia, tunaitika "labeka", basi. Na nyuma yangu walikuwapo watu wa gulio, mfanyabiashara, watoto, na baba mdogo Shija aliyeinama dirishani akininong'oneza niende, nisiwaaibishe. Nilijua kabisa kwamba nikikataa, atasema unaona, msichana ameogopa. Nilijua usukani unaniponyoka. Mguu wangu nao ulikuwa bado unaikumbuka ile pedali.

Nilizima gari. Nikashuka, nikaenda mpaka pale aliposimama, nikapiga magoti kwenye vumbi.

"Baba, nisamehe. Siji. Breki ya gari hili siiamini."

Watu wakaguna. Baba mdogo akasema kwa sauti, "Mwaona? Nilisema mimi." Baba akamwendea mdogo wake, akaichukua pama aliyovaa, kofia mpya kabisa iliyonunuliwa kwa pesa za pamba, na kuiweka katikati ya njia pale pale alipokuwa amesimama yeye. Akawaondoa watoto kwa fimbo mpaka njia ikawa nyeupe. Akaniambia, "Haya mayu, sasa njoo." Mayu ni mama, ndivyo baba zetu wa Kisukuma wanavyotuita wakitupenda.

Nikarudi garini, nikaja. Nilikanyaga breki mapema, nikaikanyaga tena, nikavuta na ya mkono. Gari jekundu likapita juu ya pama ya baba mdogo bila hata kuisalimia, likaendelea na safari yake kama lina miadi mahali, na likaja kusimama ndani ya ua wa minyaa. Sikuumia hata kidogo. Honi, hata hivyo, ilishtuka ikawa inalia yenyewe kwa sauti zake mbili, na hakuna aliyejua namna ya kuinyamazisha. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nililia kwanza, maana niliona pale palipokuwa na kofia, nikaona na nani angekuwa pale. Baadaye kidogo nikacheka nao.

Mfanyabiashara aliapa kwamba hakujua. Pengine ni kweli. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na si kila auzaye mkakasi amewahi kuufungua.

Landrova ile kuukuu nayo ikaletwa. Ilinguruma, ikatoa moshi, ikaja polepole kama mzee anayetoka kanisani. Baba akasema kofia tena, si mtu, na safari hii akavua yake mwenyewe. Gari likasimama kabla ya kuifikia, likatulia. Tukarudia, likasimama tena. Spea zake zilipatikana Shinyanga mjini, na mafundi waliolijua walikuwa wengi, kwa kuwa machimboni yalizagaa magari ya namna hiyo. Bei yake, baba alisema, haikulimaliza zizi.

Baba mdogo Shija alijaribu mara ya mwisho. Akasema kaka yake atamwaibisha binti kwa kumpa mkweche, kijana anapaswa kupata kitu cha ujana. Ndipo baba akajibu, na maneno yale ninayo mpaka leo.

"Ngosha, mdogo wangu, wewe umefundisha ndama wangapi kulima? Ndama hafungwi nira na ndama. Tunamfunga na maksai mzee, asiyekimbia, asiyeshtuka, aliyeijua njia kabla yake. Dereva huyu ni ndama. Mtafutie mzee."

Halafu akachukua ufunguo, akaupitisha mbele ya uso wa mdogo wake, na kuuweka mkononi mwangu.

"Na gete, kweli kabisa, leo magari nimeyatazama mawili," akasema, "lakini niliyekuwa namtafuta ni mtu atakayeniambia hapana nikiwa nimesimama mbele yake."

Tulirudi Kishapu taratibu, baba kando yangu, baba mdogo nyuma kwenye gunia, kichwa wazi, amenuna mpaka Shinyanga mjini, akanunuliwa soda, akasamehe. Miezi michache baadaye nilimpeleka mama hospitali asubuhi na mapema. Alikaa mbele akitafuna karanga na kunielekeza njia ninayoijua, na hakutukana shimo hata moja.

Sasa nasaha zangu, mwanangu, nazo si nyingi. Gari lako la kwanza usilichague kwa rangi wala kwa honi, wala kwa jinsi vijana wenzako watakavyogeuza shingo ukipita. Lichague linalosimama. Mlete fundi asiye wa muuzaji, alale chini alitazame tumbo. Uliza linakunywa nini na linatibiwa wapi, na usione haya wakikucheka, kuuliza si ujinga. Usinunue gari litakalokula shamba na zizi, ukabaki unalitazama halina mafuta. Funga mkanda hata ukienda kisimani. Likiwa zito na la polepole, mshukuru Mungu, kwa sababu mwenda pole hajikwai, na kasi utaikuta tu mbele ya safari ukishakomaa. Na siku mguu wako ukikuambia kuna kitu hakiko sawa, zima gari, shuka, useme. Sema hata kama anayekuamrisha ni baba yako, bosi wako, au abiria anayechelewa. Heshima ya mkubwa ni kumrudisha nyumbani mzima.

Nenda basi. Mungu akupe mguu mwepesi kwenye mafuta na mzito kwenye breki. Akupe matairi yenye meno na rafiki wasiokuhimiza. Na kila atakayesimama mbele ya gari lako, mkubwa kwa mdogo, jioni ile ale ugali kwao.