Swali la nyumba: Mama Schola na walimu wake wa Jumamosi

Jumamosi asubuhi, Bunia, mji mkuu wa Ituri, mashariki mwa Kongo. Mvua imekatika, barabara ni tope jekundu, na ndani ya kibanda cha mbao chenye mashine ya fotokopi walimu saba wamebanana kwenye mabenchi mawili. Simu zao zimelazwa mezani, vioo vikiangalia chini. Hakuna anayeruhusiwa kugusa yake.

"Mwalimu Lucien, tuambie darasa lako," anasema Scholastique Lotsove, ambaye mtaa mzima humwita Mama Schola.

Lucien anafundisha darasa la tano. Anasema ana watoto sabini na vitabu sita, na kwamba wengi huja bila kula. Scholastique anataka zaidi: wametoka wapi, wanaogopa nini? Akiridhika, ndipo Lucien anaigeuza simu na kuieleza akili bandia hayo yote kabla ya kuiomba somo. Majina ya watoto hayaandikwi kamwe. Wala kabila.

Hata hivyo simu inamletea hesabu ya tiketi za metro, treni ya miji mikubwa. Kibanda kinacheka.

"Siye metro yetu ni moto ya Komanda," anasema Lucien, akimaanisha pikipiki za abiria ziendazo mji wa Komanda, na kuiagiza ianze upya.

Scholastique, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, alikuwa mwalimu huko Bule, katika eneo la Djugu, mpaka vita vilipomfukuza. Bunia hakupata darasa. Akaanza kuwachapia watu karatasi kwa kompyuta ya shemeji yake, ukurasa faranga elfu moja. Wateja wake wakubwa walikuwa walimu, waliomletea maandalizi ya masomo ambayo mkaguzi huyadai.

Kisha akili bandia ikaingia kwenye simu. Walimu wengi wakawa wanaleta chochote ilichowapa, bila kukisoma mara mbili.

Mwaka jana Félicien, mwalimu wa darasa la nne, alileta kazi ya insha ya namna hiyo. Kiswahili chake kilikuwa safi: "Eleza nyumba ulimozaliwa. Ukisimama mlangoni, unaona nini?"

Scholastique aliisoma. Nyumba yake ya Bule iliteketea yote. Kidole kilisita juu ya kitufe, kisha kikabonyeza, zikatoka nakala za darasa zima.

"Nilijiambia kazi yangu ni kuchapa," anasema. "Simu haikujua. Félicien hakufikiri. Mimi nilijua."

Jumatatu, Rebecca, msichana wa miaka kumi anayelelewa na shangazi yake katika kambi ya wakimbizi wa ndani, aliisoma karatasi ile, akaiweka chini ya benchi, akatoka. Hakurudi kesho yake, wala juma lile, wala lililofuata.

Félicien alikuja kibandani. "Mama Schola, mutoto ameacha masomo juu ya karatasi yangu."

"Yetu," alimjibu.

Walikwenda kambini pamoja. Shangazi aliwasikiliza akiwa amesimama, mikono kiunoni, mpaka walipomaliza kueleza habari ya simu.

"Ile simu yenu haiko na macho, sawa," alisema. "Na weye, mwalimu?"

Shangazi aliwaambia Rebecca atarudi siku atakayotaka mwenyewe.

Ndipo Jumamosi hizi zilipoanza, bure. Majirani humcheka Scholastique kwamba anawafundisha wateja wake kumkimbia. Naye hacheki: akilini mwake, karatasi ile bado inatoka kwenye fotokopi.

Wapo wanaosema mwalimu wa Ituri, anayengoja mshahara miezi, hana haja na mambo haya. Hiyo ni dharau. Mwenye watoto sabini na vitabu sita anahitaji msaidizi kuliko mtu yeyote. Ila msaidizi huelekezwa, na kazi yake hukaguliwa.

Félicien alikuwa mwanafunzi wa kwanza. Aliieleza simu kwamba wengi darasani wamekimbia kwao, akaomba insha isiyogusa nyumba, wazazi wala safari. Ilimpa tano. Nne alizitupa, mojawapo ikihusu likizo ufukweni. Ikabaki moja: eleza jinsi ya kufanya kazi unayoijua vizuri.

Alimpelekea shangazi karatasi hiyo, akaondoka bila kusema mengi.

Siku chache baadaye Rebecca aliingia darasani na ukurasa uliojaa pande zote mbili: namna ya kutwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka zisibaki nyuzi. Mwishoni aliongeza: "Mwalimu, kama unataka kuonja, ulete mawese."

Félicien alipeleka mafuta ya mawese.

Scholastique sasa anataka kuwafikia walimu wa Komanda. Baada ya hapo ni Bule, siku barabara itakapokuwa salama, na huko anataka darasa lake mwenyewe.

"Nitaandika ubaoni swali lile lile, eleza nyumba ulimozaliwa," anasema, akipanga karatasi nyeupe kwenye fotokopi. "Nataka kufundisha batoto ambao watalijibu na kwenda kucheza."