Gari Lililopimwa kwa Magoti ya Shosho

Saa tatu asubuhi, katika yadi ya magari kando ya barabara kuu mjini Nakuru, Nabalayo Wamalwa anafungua mlango wa gari jeusi linalong'aa, kisha anampisha bibi kizee mwenye mkongojo.

"Karibu, shosho. Leo tunanunua gari?" anauliza muuzaji, Lewis, kijana wa tai nyembamba.

"Mnunuzi ni mimi," Nabalayo anamjibu. "Huyu ndiye wa kulikalia."

Nabalayo, 46, ni dereva wa teksi anayeishi mtaa wa Rhonda. Abiria wake hawana haraka. Ni wazee wa Kariandusi na vijiji vya karibu, ambao huwapeleka kliniki Nakuru, akawasubiri, akawarudisha hadi mlangoni. Kazi hiyo ameifanya miaka tisa kwa gari kuukuu, bovu, ambalo mwezi uliopita lilizima na kukataa katakata kufufuka.

Sacco yake imekubali kumkopesha pesa za gari moja tu. Yaliyo mbele yake ni mawili, yote SUV ndogo. Jeusi limetoka Ulaya: viti vya ngozi, paa la kioo, injini ya kunguruma kwa adabu. La pili ni la Kijapani, rangi ya fedha, viti vya kitambaa. Mafuta linayanusa tu, na spea zake zinapatikana hata Rhonda.

Moyo wake, wala hafichi, uko kwa jeusi.

"Miaka tisa nimeendesha mabati," anasema. "Nataka siku moja nipite pale steji, wale wanaume wanyamaze."

Wale wanaume ni madereva wenzake, waliompa jina la Ambulensi. Hodari wao wa uchokozi ni Ogada. "Mathe, wazee utawabeba mpaka lini?" humwuliza. "Chukua gari safi, beba watalii. Mtalii hakohoi."

Maneno ya Ogada si mzaha mtupu. Hoteli moja karibu na Ziwa Elmenteita imemwahidi Nabalayo wageni wa wikendi akipata gari la hadhi. Siku nzuri ya wazee humwachia shilingi elfu mbili baada ya mafuta. Safari moja ya wageni ingemwachia elfu tano. Amejiambia kwamba jeusi litawatosha wote, wageni wikendi na wazee siku za kliniki. Amekuja kuhakikisha.

Ndiyo maana amemleta Nyakio, 78, abiria wake wa kwanza kabisa. Ujana wake Nyakio aliumalizia machimboni Kariandusi akijaza magunia ya udongo mweupe unaochimbwa huko, na magoti yake hayajasahau. Ana sharti moja: hainuliwi na mtu.

"Kubebwa nitabebwa mara moja," husema, "na siku hiyo sitakuwa na habari."

Nyakio anaketi kwenye jeusi. Kiti kinammeza hadi kiunoni. Anapapasa ngozi, anatabasamu. "Hapa hata mgonjwa anapona."

Kisha anataka kutoka. Anajisukuma, ngozi inateleza, anarudi chini. Anajaribu tena, anarudi chini tena. Lewis ananyoosha mikono.

"Kijana, niguse uone," Nyakio anamwonya, mkongojo juu.

Nabalayo amesimama, mikono mgongoni. Ndivyo anavyofanya kazi: hufungua mlango, hungoja, hagusi.

"Mama Shantel," Nyakio anamwambia Nabalayo hatimaye, "hiki si kiti. Ni shimo lililovaa koti." Anatoa mkono. Katika miaka tisa hajawahi kumpa mkono ili amvute.

Nabalayo anamvuta nje. Hakuna anayecheka.

Kwenye gari la fedha, kiti kiko sawa na nyonga zake. Nyakio anaketi, anageuka, anasimika mkongojo, anasimama. Peke yake. Kisha anaubamiza mlango kwa nguvu, yadi nzima inageuka.

"Madam, jeusi lina kamera nne," Lewis anajaribu.

"Zimwangalie akishindwa kutoka?" Nabalayo anamwuliza.

Alichukua la fedha. Uchungu ulikuwepo, na hasemi uongo juu yake. "Nikitoka, jeusi nililitazama kwenye kioo," anakiri. "Mara moja tu."

Hoteli haijampigia simu. Kule steji hawajanyamaza pia. "Ambulensi imepanda cheo," Ogada alimpokea, kisha akalizunguka gari lote na kuuliza linakula mafuta kiasi gani. Wiki iliyofuata alimletea mama yake mzazi, apelekwe kliniki ya macho.

Sasa Nabalayo ana mpango. Binti yake, Shantel, anajifunza udereva. Mkopo ukiisha watatafuta gari la pili, na wazee wa upande wa Gilgil nao wapate wa kuwangojea.

Kabla ya hapo alitaka fundi wa viti pale Rhonda avishe gari hili ngozi, angalau ya bei nafuu. Akamweleza Nyakio njiani.

"Weka," Nyakio akamjibu. "Mimi nitatafuta punda."

Kwa hivyo viti vimebaki vya kitambaa. Ngozi ipo mahali pamoja tu, nyeusi, iliyoshonwa kwa uzi mwekundu, na Nabalayo huipapasa kila anapongoja mlango wa nyuma ufungwe.

"Usukani ni wangu," anasema. "Huo hakuna anayeukalia."