Raba Zilizooshwa kwa Petroli

Cherehani alikuwa mwoga, na mimi sitamsitiri kwa hilo. Mende hawamtishi, giza halimtishi. Alichokuwa anaogopa ni kuuliza. Miaka ishirini alishona mashati kiwandani, na kiwanda kilipofungwa akajikuta hana mbele wala nyuma, umri wake arobaini na mbili. Kaka yake, fundi wa kufufua magari ya zamani, akamchukua dada yake huyo gereji kwake. "Utaosha vyuma," alimwambia. "Usichokijua, uliza. Ukiniharibia kitu, kila mtu na njia yake." Jina la Cherehani alibandikwa na Rangi, mpiga rangi wa pale gereji, ambaye sijapata kumsikia akimwita mtu jina lake halali.

Uliza, anasema. Aulize vipi, na kaka mwenyewe ulimi wake ndio ule? Siku ya kwanza aliuliza kabureta ni ipi, akajibiwa, "Ile yenye kola na vifungo." Rangi alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo Cherehani alifyata ulimi, akawa anajifunza kwa kuchungulia. Aliona vyuma vikilowekwa kwenye beseni la petroli, vikisuguliwa kwa brashi ya waya, vikifutwa na kupangwa juu ya gunia. Basi kila alicholetewa alikiogesha petroli, na vilikuwa vinatoka vinang'aa kwelikweli. Mkono anao, tusimnyime haki yake.

Kazi kubwa mwaka huo ilikuwa pikapu ya marehemu baba yao. Ilikuwa imekaa nyuma ya nyumba miaka kumi na tisa, kuku wanatagia kwenye kiti. Kaka aliihangaikia miezi saba kwa ajili ya mama yao, ambaye alisema anataka kuipanda tena mara moja tu, kabla magoti hayajamgomea kabisa. Wiki ya mwisho kaka alimpa Cherehani kazi ya heshima: kuosha na kufunga silinda za breki za nyuma, yeye peke yake. Ndani ya kila silinda mna raba mbili ndogo zinazozuia mafuta ya breki yasivuje. Akazilaza kwenye petroli usiku kucha ili zitakate. Asubuhi alizikuta zimenenepa kidogo. Kumwuliza kaka akaona haya. Alizisukuma kwa kidole gumba mpaka zikaingia, akajipa moyo kwamba raba ni raba.

Siku ya kulitoa gari, mama alifika saa nne asubuhi na viatu vyake vya kuendea harusi za watu. Akapandishwa kiti cha mbele. Kaka akashika usukani, akakanyaga breki mara mbili pale pale uani, akaridhika. Rangi alikuwa pembeni anafungua bunduki yake ya kupulizia rangi, ananung'unika peke yake. "Ona raba hii. Nimeisahau kwenye petroli, imevimba kama mdomo ulioumwa na nyuki. Hii ya kutupa tu."

Cherehani alisikia, akazikumbuka raba zake. Nje ya geti kulikuwa na mteremko mrefu unaoishia barabara kuu, na malori hayakatiki pale. Alitaka kupiga kelele, akajizuia. Labda raba za breki si kama hizo. Labda kaka alishazikagua. Nikisema na iwe si kitu, nitachekwa mpaka nizeeke. Nikisema na iwe kweli, sina kazi. Hayo yote aliyawaza wakati pikapu inapita getini na mama yake anapunga mkono dirishani.

Miguu ndiyo iliyoamua. Alikimbia, ndala moja ikabaki uani, akaifikia pikapu inaanza kuinamia mteremko, akaupiga mlango kwa viganja vyote viwili. Kaka akakanyaga breki. Gari lilisimama, lakini pedali ilizama chini kuliko ilivyozama uani, na kaka aliisikia kwenye unyayo.

"Una nini wewe?"

"Mteremshe mama," Cherehani alisema. "Raba za nyuma niliziosha kwa petroli."

Kaka alivuta breki ya mkono. Alimteremsha mama, wakalisukuma gari kulirudisha uani, akafungua gurudumu la nyuma. Mafuta ya breki yalikuwa yanachuruzika. Raba imechanika ukingoni. Kukanyaga mara mbili au tatu tena, na pedali ingelala sakafuni katikati ya mteremko.

Cherehani alisubiri matusi. Badala yake kaka alikaa chini kwenye oili na suruali yake safi, na hilo lilimtisha dada yake kuliko tusi lolote.

"Juzi nilitaka kuzifungua nizikague," kaka alisema. "Nikaogopa utaona sikuamini."

Mama aliwatazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo nilikuwa naendeshwa na waoga wawili," alisema. Akavuta kigoda, akavua viatu. "Zifungeni upya. Mimi siendi popote."

Kaka alileta raba mpya, akazisogeza mbele ya Cherehani. Akachukua moja, akaigeuza.

"Kaka, hizi zinaoshwa kwa kitu gani?"

"Kwa mafuta ya breki yenyewe. Petroli isizikaribie."

Akauliza la pili. Kaka akajibu. Alipofika la saba hakuna aliyekuwa amecheka, hata Rangi.