Mashine ya Sirari na Ng'ombe wa Mahari Yangu

Baba yangu alikuja kuniomba kwa mume wangu kama mtu anayekuja kuazima jembe. Alifika Nyanungu asubuhi, viatu vyake vya matairi vimejaa matope, akaketi kwenye kigoda nje ya nyumba na kukataa uji mpaka amalize kusema lililomleta.

"Nataka niende naye Sirari," alimwambia mume wangu. "Kuna mashine ya kupasulia mbao inauzwa. Nataka aione kabla sijaamua."

Mume wangu alicheka. "Mzee, mwanamke anajua nini habari za mashine?"

"Huyu anajua mbao," baba alisema. "Kesho nitamrudisha."

Ni kweli nilizijua. Mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa, na mdogo wangu wa kiume alichelewa sana kuja, kwa hiyo katika karakana ya baba kule Morotonga mtu wa kushika ubao upande wa pili alikuwa mimi. Nilijifunza kusikia kwa sauti tu kwamba msumeno umeanza kwenda upande. Baba hakuwahi kuniambia kuwa hiyo si kazi ya msichana. Alichonikataza ni kuongea wakati wa kupasua.

Tangu watu wahamishiwe katika vijiji vya ujamaa, kazi ilikuwa imemzidi. Nyumba mpya zote zilitaka milango, shule ilitaka madawati, na ofisi ya kijiji ilitaka meza. Kupasua gogo la mvule kwa mkono kunakula siku nzima, na bega lake la kulia lilikuwa limeanza kumkataa. Jioni mama alikuwa akimvua shati kama anavyomvua mtoto. Mwenyekiti wa kijiji alimwambia akipata mashine atasaidiwa kibali cha dizeli. Kilichobaki kilikuwa cha kununulia, na mali pekee iliyokuwa nyumbani kwetu ilikuwa ng'ombe wa mahari yangu.

Ng'ombe hao walikuwa wamewekwa kwa ajili ya kumwolea mdogo wangu mke. Lakini mdogo wangu alikuwa bado shuleni, na baba alipiga hesabu kwamba mashine ingewarudisha kabla kijana hajaanza kutafuta mchumba. Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Kwetu, mwanamke akimwacha mume bila kumzalia, mahari inarudi yote. Mimi nilikuwa nimeolewa mwaka wa tatu huo, na mtoto niliyempata nilimzika kabla hajapewa jina.

Hilo hatukulizungumza njiani. Tulitembea mpaka barabara kubwa, tukapata lori lililokuwa likipeleka magunia ya kahawa Tarime, na kutoka hapo lori jingine. Baba alizungumza juu ya mashine tu. Alisema imetoka Ujerumani, si kama zile za mabati yanayotetemeka. Alisema wenye mashine za namna hiyo hawauzi, ila huyu anaondoka nchini.

Mwenye mashine alikuwa mzee wa Kihindi, mkandarasi, aliyejenga maghala mengi upande ule. Ua wake ulikuwa nyuma ya duka moja pale Sirari. Tulimwamkia, akatuletea viti, kisha akaenda mwenyewe kufunua turubai.

Sijasahau nilivyoiona. Ilikuwa meza ya chuma kizito iliyong'aa kwa mafuta, na katikati yake msumeno wa duara ulitokeza nusu kama mwezi unaochomoza. Pembeni kulikuwa na injini ya dizeli na mkanda wa kuiunganisha. Hakuna palipokuwa na kutu. Hata skrubu ndogo zilikuwa na vichwa vizima, maana yake hazikuwahi kufunguliwa na mtu mwenye haraka.

"Nimeitunza kuliko gari yangu," mzee yule alisema. "Ningekuwa na namna ya kuondoka nayo, ningeondoka nayo."

Baba alitoa rula yake ya chuma, akaisimamisha kwa ubavu juu ya meza na kuinama kuangalia kama mwanga unapita chini yake. Haukupita. Akasogeza kile chuma kirefu kinachoongoza ubao, kikateleza bila kukwama. Kisha akaniambia, "Zungusha gurudumu, nisikilize beringi."

Nilishika gurudumu la mkanda kwa mkono wa kulia. Halikwenda, kwa sababu kifundo cha mkono hakikuwa na nguvu. Nikarudisha mkono upesi na kutumia wa kushoto. Msumeno ukazunguka muda mrefu kwa mnong'ono mwepesi, pasipo kukwaruza. Beringi zilikuwa nzima. Nilimgeukia baba nikitabasamu ili tufurahi pamoja. Hakuwa akiutazama msumeno. Alikuwa akiutazama mkono wangu.

Mzee akawasha injini, akapitisha kipande cha mninga. Kazi ya nusu siku ilikwisha kabla sijameza mate. Baba aliokota ubao, akapitisha kidole ukingoni, akanipa nami nipitishe. Palikuwa laini kama pamepigwa randa. Akaunusa. Sikuwahi kumwona akikitaka kitu waziwazi namna ile.

"Unasemaje?" aliniuliza.

"Ni nzima, tata," nikamjibu. Tata ndivyo tunavyomwita baba kwa Kikurya. "Haina kasoro."

Alimwambia mwenye mashine kwamba tunakwenda kunywa chai, tutarudi.

Kwenye mgahawa aliagiza chai na maandazi, akanywa yake. Mezani kwa jirani yetu kulikuwa na wanaume waliochanganya Kiswahili na Kiingereza cha upande wa pili wa mpaka, wakibishana juu ya bei ya sukari. Baba akangoja mpaka wakaondoka.

"Mkono umefanya nini?"

"Nilianguka nikichota maji."

"Mkono wa mtu aliyeanguka nimeuona mara nyingi. Nimewafunga mafundi wenzangu vibao mikononi. Huo umesokotwa."

Nilikuwa nikivunjavunja andazi, siliweki mdomoni.

"Sikukuleta kwa ajili ya mashine tu," akasema. "Nikiwauza ng'ombe, wameisha. Ukija kwangu baada ya hapo, watu wa mume wako watadai, nami sitakuwa na cha kuwapa. Watakurudisha, na mimi nitakuwa nimekaa nikitazama. Kwa hiyo niambie mapema. Utakaa kule, au hutakaa?"

Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jambo la namna hiyo. Wakati wa kuolewa niliambiwa tu siku. Nililiangalia bega lake, lililoshuka upande mmoja kama mlango ulioachia bawaba, nikaona msumeno ukipita kwenye mninga.

"Nunua, tata," nikasema. "Mimi nitakaa."

Baba alilipa chai, tukarudi uani, nami nikajua mashine imenunuliwa. Lakini alipofika alimshukuru yule mzee na kumwambia ampe nafasi mpaka mavuno.

"Wapo wengine wanaoiulizia," mzee alisema.

"Najua," baba akajibu. Akaweka kiganja juu ya meza ile ya chuma, akakiondoa, tukatoka.

Tulipokaribia Nyanungu kesho yake, nilimuuliza kwa nini. Alisimama kupumzisha bega.

"Umesema utakaa kama mgeni anayesema ameshiba na njaa bado anayo," akaniambia. "Ng'ombe waache kwanza. Ukiamua kuja, njoo. Wapo."

Nilirudi kwa mume wangu nikiwa mtu mwingine, ijapokuwa hakuna aliyeiona tofauti. Alinisemesha anapotaka maji au chakula, basi. Alipolewa alinikumbusha mtoto niliyemzika, kana kwamba nilimpoteza sokoni. Yote hayo niliyasikia kwa mbali. Nilikuwa nimepanda ulezi, nikajiambia nitauvuna kwanza, niujaze ghalani, ndipo niondoke, wasije wakasema nimekimbia kazi. Nililima nikiimba. Wifi zangu wakasema labda nina mimba.

Ulezi ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa baba alipokuja tena. Safari hii hakukaa kwenye kigoda, alisimama mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijauliza akasema, "Wamechukuliwa."

Wezi wa ng'ombe walikuja alfajiri, wakiwa wengi na wenye silaha. Yowe likapigwa kijiji kizima, wanaume wakafuata nyayo kutwa nzima mpaka upande wa mpaka, na huko nyayo zikachanganyika na za mifugo mingine. Hawakuacha hata ndama. Baba mwenyewe alifuata mpaka miguu ikakataa.

Mume wangu alitoka ndani akiwa amesikia kila neno. Lazima niseme ukweli: alimpa baba pole ya kiume, akamletea kiti, akaagiza kuku achinjwe. Alimheshimu mkwe wake siku ile kuliko siku zote. Kisha alinitazama mara moja tu, wala si kwa ubaya, kama mtu anavyoutazama ukuta wa nyumba yake baada ya mvua kubwa na kuukuta umesimama. Hapo nikaelewa kwamba alikuwa akijua. Miezi yote ile alijua kuwa ningeweza kuondoka, na sasa alijua kuwa siwezi.

Nilimsindikiza baba mpaka kijitoni.

"Na mashine?" nikamuuliza.

"Imeuzwa. Wameipeleka Musoma." Alikaa kwenye jiwe kufunga kamba ya kiatu, akashindwa kwa sababu ya bega, nikainama kumfungia. "Ningeinunua siku ile, leo ingekuwepo," akasema. "Mashine ile hakuna mwizi angeibeba. Nimekosa mashine, nimekosa ng'ombe, na wewe nimekufungia huku."

"Hukunifungia wewe, tata."

"Basi ni nani?"

Tulikaa pale mpaka jua likaanza kuchoma, kila mmoja akitafuta la kumwambia mwenzake. Hatimaye akasema mama ananisalimu. Nikasema nami namsalimu. Akavuka maji.

Mwaka uliofuata bega lilikufa kabisa. Kazi ya milango ya kijiji ilipewa mafundi waliotoka mjini, na baba akabaki kuchonga mipini ya majembe kwa mkono wa kushoto, kazi ambayo kila mzee kijijini aliiweza. Mdogo wangu alipomaliza shule alikwenda kutafuta kazi Mwanza kwa sababu nyumbani hapakuwa na cha kumwolea. Alituma salamu mara chache, kisha akanyamaza. Mama alizoea kumvua baba shati, halafu akazoea kumlisha.

Msimu ule wa wizi, mimi nilivuna ulezi ule. Nilishindwa kufikiri jambo lingine la kufanya nao. Niliukata, nikaupura, nikaupepeta, nikaujaza ghala la mume wangu mpaka juu. Uimbaji uliisha wenyewe, nami sikuona ulikoishia. Mama mkwe alikuja akashika kiasi kidogo mkononi, akazitazama punje, akaridhika.

"Mwanzoni ulikuwa kama mgeni hapa," akaniambia. "Nilikuwa nasema huyu hatakaa. Sasa naona umezoea."

Nikamwambia, "Ndiyo, mama, nimezoea," nikafunika ghala, nikaenda kuwasha moto.