Aliyetia Sahihi Hupanda Kwanza

Siku yangu ya kwanza katika bustani ya burudani niliandika kwenye daftari la ukaguzi kwamba magurudumu yote ishirini na manne ya rola kosta yalikuwa yamepasuka. Niliandika kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini yake, nikatia sahihi. Kufikia saa tatu asubuhi bustani nzima ilikuwa ikinicheka, kuanzia soja wa getini hadi mama wa kukaanga viazi.

Nawaambia haya vijana kwa sababu mkiniona leo hapa mtaani Mbotela, na redio yangu mlangoni, mnadhani nilizaliwa nikijua mashine za kuchezea. Sikuzaliwa nikizijua. Nilitoka reli, na kule kazi yangu ilikuwa kugonga magurudumu. Treni ikiingia, unapita ubavuni mwake na nyundo ya mpini mrefu, unagonga kila gurudumu mara moja na kutega sikio. Gurudumu zima hulia ngeee, sauti safi inayokawia hewani. Lenye ufa hujibu pu, basi. Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na minne na nasema bila haya kwamba sikio langu halikuwa na mpinzani. Reli ilipopunguza wafanyakazi nilitoka na barua ya shukrani na ile nyundo. Barua sijui iliishia wapi.

Bustani ilikuwa mwendo wa kutembea tu kutoka nyumbani. Palikuwa na bembea za mnyororo, farasi wa kuzunguka, na katikati ya yote rola kosta moja ya vibehewa sita, iliyopakwa rangi ya kijani na kuwekewa kichwa cha joka mbele. Watoto wa mitaa yetu ya Eastlands waliiita Joka, na sisi tukaiita hivyo hivyo. Watu wengi hudhani rola kosta ina injini. Haina. Kuna mnyororo unaoivuta hadi kilele cha kwanza, na chini yake jino la chuma linaloizuia isirudi nyuma. Ile ta-ta-ta-ta mnayoisikia mkipanda ni jino hilo likifanya kazi yake. Kileleni mnyororo unaachia. Kutoka hapo ni uzito wenu tu unaowapeleka, na magurudumu, na Mungu.

Fundi Mkuu wakati huo alikuwa mama wa Kikamba kutoka Machakos, mfupi, ovaroli yake imekunjwa miguuni mara tatu. Baba yake alikuwa mchonga vinyago, na kichwa cha kwanza cha Joka kilipovunjika yeye mwenyewe alichonga kingine kwa mti wa jakaranda, chenye meno ya kutisha na macho ya mtu anayedai kitu. Alisoma nilichoandika, akavua miwani, akaivaa tena.

"Bwana Reli," akaniita, na jina hilo likanishika mpaka leo. "Haya magurudumu umeyagonga na nini?"

"Na nyundo, mama."

"Na yamelia aje?"

"Pu. Yote pu."

Akachukua kisu kidogo, akakwaruza gurudumu moja mbele ya wafanyakazi wote. "Hii ni plastiki ngumu. Imevishwa juu ya chuma ndio watoto wasitikisike meno. Hii utaigonga mpaka Yesu arudi na italia pu."

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na nyundo yangu. Lakini yule mama hakucheka sana. Alinishika mkono, akaniinamisha chini ya behewa, akanionyesha kipande cha chuma kinachoshika kila gurudumu na kulifunga kwenye behewa. Sisi tulikiita kikono. "Gonga hapa," akasema. Nikagonga. Ngeee.

"Umeona? Sikio lako ni zuri. Ulikuwa unauliza mtu asiye na habari." Akanirudishia daftari. "Sasa andika upya, utie sahihi, halafu upande."

"Nipande wapi?"

"Joka. Hapa aliyetia sahihi hupanda kwanza."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na haikuandikwa popote. Kila asubuhi Joka lilizunguka tupu mara tatu. Kisha tulilipakia magunia ya mchanga yenye uzito wa watu wazima. Gunia zito kuliko yote tuliliita Chifu, na kila siku Chifu alikaa nyuma kabisa. Baada ya hapo yule aliyekagua na kutia sahihi alipanda peke yake kabla mteja yeyote hajakanyaga jukwaa. Mtu mkubwa au mdogo, mwenye homa au mwenye suti, hakuna aliyesamehewa.

Mimi nilikuwa mtu wa chini. Miaka yote ya reli nilitembea kando ya treni. Hata antena ya nyumbani aliipanda kuitengeneza mke wangu, Rispa, mimi nikishika ngazi. Nilikaa behewa la mbele, chuma cha mapajani kikashuka, na ta-ta-ta ikaanza. Kileleni niliona mabati ya Mbotela, nikaona Jogoo Road yote, kisha sikuona kitu. Nilimwita mama yangu, nikamwita Mungu, kisha nikamwita Fundi Mkuu jina ambalo sitalitaja hapa. Kofia yangu ya reli haikupatikana tena.

Joka liliposimama Fundi Mkuu alikuwa ananisubiri jukwaani. "Haya, Bwana Reli. Unaacha kazi?"

"Mama," nikasema, "naweza kurudia?"

Hivyo ndivyo nilivyopatikana. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, baba wa watoto wanne, mzee wa kanisa, na nikawa mgonjwa wa rola kosta. Likizo zangu zote kutoka siku hiyo zilikwenda huko. Nikisikia bustani fulani imeleta mashine mpya, au maonyesho ya mji fulani yana treni ya kupinda, nilimbembeleza Rispa tufunge safari. Wenzake waliletewa vitenge. Yeye aliletwa kwenye foleni. Alikuwa akikaa kwenye benchi na kuku wake wa kuchoma, mimi nikipanda mara tano, nikihesabu kwa sekunde muda ambao tumbo linabaki juu. Siku moja katika mji wa mbali nilijisahau, nikagonga nguzo ya mashine ya watu kwa kidole na kutega sikio. Mwendeshaji akadhani nimetumwa na serikali. Akanipandisha bure na kuniita mheshimiwa, na sikumsahihisha mpaka nimeshuka. Niliwauliza swali lile lile kila mahali: nani anapanda kwanza asubuhi? Wengi walinishangaa. Wachache waliniambia, "Mteja."

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa sheria ya yule mama, na alipostaafu, akarudi kwao Machakos, niliipokea pamoja na funguo na nafasi yake. Aliniaga kwa maneno machache: "Kichwa cha Joka kipake mafuta, mchwa wasikile. Na usimpandishe mtu mahali hujapanda." Nilikuwa Fundi Mkuu sasa. Nilijisikia mrefu kwa wiki nzima.

Mwaka huo huo tulipata Meneja mpya. Hakuwa mtu mbaya, nisimseme vibaya. Alikuwa na viatu vinavyong'aa, aliwajua wafanyakazi wote kwa majina na aliulizia watoto wetu. Kosa lake ni kwamba hakuwahi kupanda Joka hata mara moja. Alisema ana mgongo. Mgongo huo niliuona ukibeba meza.

Sasa nifike kwenye Krismasi moja ambayo siisahau. Tangu asubuhi foleni ilikuwa imetoka nje ya geti. Watoto wa shule ya Jumapili ya kanisa letu walikuwa mbele kabisa na fulana zao za manjano, nyuma yao familia za mtaa wa Pipeline, kisha vijana wa mtaa wa Dandora waliokuja kwa miguu tangu alfajiri. Mimi nilikuwa chini ya Joka na nyundo yangu. Ngeee. Ngeee. Ngeee. Kikono cha ishirini na tatu, kwenye behewa la nyuma, kikajibu pu.

Nikagonga tena. Pu. Nikakisugua, nikakiangalia kwa tochi kila upande, sikuona hata ufa wa unywele. Nikagonga jirani yake: ngeee. Nikarudi kwake: pu. Nilipanda jukwaani na kufunga mnyororo wa mlango.

Meneja alikuja mbio. "Fundi, kuna nini? Watu wamejaa."

"Kikono kimoja kina ufa."

Akainama na viatu vyake, akaangalia kwa tochi yangu. "Sioni ufa."

"Hata mimi sijauona. Nimeusikia."

Akanirudishia tochi. Kisha akasema, kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma: "Elkana, si ni wewe siku ya kwanza uliandika magurudumu yote yamepasuka?"

Kumbe hadithi ile ilikuwa ingali hai. Wafanyakazi wakaangalia pembeni. Nyuma yangu vijana walikuwa wameanza. "Wasee, huyu mzee anatuzungusha!" "Mzee, fungua bana, tumetembea kutoka Dandora!" Mwalimu wa shule ya Jumapili, aliyekaa nami kiti kimoja kanisani, akaniuliza kama nimeamka vibaya. Nakiri kwamba nilijitilia shaka. Miaka ilikuwa imepita, na sikio la mtu huzeeka kama goti lake. Nikikosea, nimewanyima watoto hawa wote Krismasi yao, na Fundi Mkuu anayechekwa mara mbili hana kazi. Lakini nilipowatazama wale wenye fulana za manjano, niliisikia tena ile pu.

"Sitatia sahihi," nikasema.

"Basi nitatia mimi," Meneja akasema. "Mimi ndiye mkubwa hapa. Lete daftari."

Nikampa daftari. Nikampa na kalamu. Kisha nikafungua mlango wa behewa la nyuma, nikainua chuma cha mapajani. "Sawa, bwana Meneja. Ukimaliza kutia sahihi, keti hapa. Kikono chenyewe kiko chini ya kiti hiki."

Alishika kalamu. Aliitazama ile karatasi, akatazama juu kileleni, akatazama kile kiti. Vijana nao wakasogea hadi kwenye mnyororo, maana hata wao walielewa kilichokuwa kikiendelea. Mwishowe akaichomeka kalamu kwenye mfuko wangu wa kifuani.

"Kitoe," akasema.

Tulikitoa. Nikakilaza kwenye meza ya mama wa viazi, nikafanya tulivyofanya reli: nikakiosha kwa mafuta ya taa, nikakipangusa kikakauka kabisa, nikakipaka unga wa chaki kote. Ukifanya hivyo, mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka polepole na kulowesha chaki. Tulisimama pale tukikitazama, Meneja, mimi, mwalimu, na nusu ya Dandora. Hakuna kilichotokea. Mtu mmoja akaguna. Kisha mstari mwembamba ukajitokeza, ukatambaa kutoka kwenye tundu la bolti, ukazunguka kikono karibu chote.

"Ngai! Mungu wangu!" mama wa viazi akapiga kelele. Kijana mmoja wa Dandora akavua kofia. "Mzee," akasema, "we ni noma. Heshima." Mwalimu akawakusanya watoto wake, akawahesabu mara mbili ingawa hakuna aliyekuwa ameondoka.

Nilikuwa na kikono kipya stoo, kwa sababu siku zote nilikuwa na kipya stoo. Tukakifunga, tukazungusha tupu mara tatu, tukampandisha Chifu na magunia wenzake, nikatia sahihi, nikapanda. Nilipopita chini ya kilele niliwasikia wakishangilia, foleni yote hadi getini, nami nikainua mikono yote miwili juu, mzee wa kanisa mzima. Sijawahi kushangiliwa vile kabla wala baadaye. Saa nane mchana watoto wa manjano walikuwa juu ya Joka wakilia na kucheka kwa pamoja. Kile kikono kibovu nimekiweka nyumbani juu ya televisheni, na Rispa hukipangusa vumbi kama picha ya harusi.

Nilistaafu mwaka huu. Fundi Mkuu sasa ni binti wa Pipeline niliyemfundisha kugonga, na sikio lake, ingawa sipendi kusema, limelipita langu. Vijana huniuliza kama sijutii maisha ya kuhudumia michezo ya watoto. Sijutii hata kidogo. Wapo wanaume waliojenga barabara na madaraja. Mimi niliwatisha watu maelfu kwa maelfu, na kila mmoja wao alirudi nyumbani kula chakula cha jioni. Ninajivunia hilo, na ningeianza kazi hiyo upya kesho.

Asubuhi yangu ya mwisho nilikagua Joka polepole, vikono vyote ishirini na vinne, na vyote viliimba. Nikatia sahihi, nikakaa behewa la mbele, nyuma ya kichwa cha jakaranda. Kabla chuma cha mapajani hakijashuka nikasikia hatua jukwaani. Alikuwa Meneja, mvi kichwani, viatu vinang'aa kama zamani.

"Sahihi ya leo ni ya nani?" akauliza.

"Ni yangu."

"Basi songa."

Nikasogea. Akaketi kando yangu, akashika chuma kwa mikono miwili, na ta-ta-ta ikaanza. Tulipofika juu, mabati ya Mbotela yote yakionekana, akaongea bila kunitazama.

"Elkana, ile Krismasi, kama ningetia sahihi..."

"Hukutia," nikamwambia.

Mnyororo ukaachia, na wazee wawili tukapiga mayowe mpaka chini.